UZI: Umri wa kuendesha gari upandishwe hadi 21? Tuanze na swali la 18 ilitoka wapi

1. Hii hoja hairudi kila siku, lakini ikirudi inarudi na kelele. Ajali mbaya inatokea, picha zinazunguka kwa simu, na kufikia jioni kuna mtu redioni anasema, "Pandisheni umri hadi 21, hawa watoto watatumaliza." Kesho yake mwingine anajibu kwamba huo ni uonevu kwa vijana. Halafu tunanyamaza mpaka ajali nyingine. Leo nataka tuiangalie polepole, kwa njia ya historia. Sheria za hapa mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukileta jina kwa maoni, nitakupita tu.

2. Mbona sasa? Mwaka 2025 sera ya kitaifa kuhusu pombe na mihadarati ilipendekeza umri wa kunywa pombe utoke 18 uende 21. Watu walibishana wiki nzima. Na ndani ya mabishano hayo swali moja lilijitokeza lenyewe: kama mtu wa miaka 19 hajakomaa vya kutosha kushika chupa, mbona tunampa usukani? Swali ni zuri. Lakini jibu lake linategemea jambo ambalo hatuulizi sana: 18 ya udereva iliwekwa kupima nini hasa?

3. Kwanza, hali ilivyo. Kenya ina ngazi, haina umri mmoja. Miaka 16 ndio mlango wa pikipiki ndogo kabisa. Miaka 18 ndio mlango wa gari la kawaida. Ukipanda kwenda kwa malori na magari ya abiria, umri unapanda nawe, hadi kwa basi kubwa ambalo mtaala wa udereva wa NTSA unataka dereva awe amefikisha 30. Kwa hivyo mtu akikwambia "umri wa kuendesha ni 18", ameona ngazi moja tu ya hiyo ngazi yote. Shikilia hapo, tutarudi.

4. Sasa turudi nyuma kabisa. Kwa jamii nyingi zetu, utu uzima haukuhesabiwa kwa miaka. Ulihesabiwa kwa rika. Ulipitia jando na wenzako, ukapewa jina la rika, na kuanzia siku hiyo ukawa na kazi na ruhusa ambazo jana hukuwa nazo. Hakuna mzee aliyeuliza una miaka mingapi. Aliuliza umefundishwa na nani na unaweza kuaminiwa na nini. Sisemi turudi huko. Nasema wazo la kwamba nambari fulani inakufanya uaminike ni geni kuliko tunavyodhani.

5. Nambari ya kwanza kuwabana vijana Waafrika hapa ilikuwa 16. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, karibu 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba kipande, ile karatasi ndani ya kikopo cha chuma, wengi wakikivaa shingoni. Wazee wengine mpaka leo kitambulisho wanakiita kipande. Miaka 16 ilitosha kukufanya mtu wa kutozwa kodi na kusakwa ukitoroka kazi. Haikutosha kukupa haki yoyote.

6. Na hiyo 16 ilijulikanaje? Mara nyingi kwa kukadiria tu. Uandikishaji wa lazima wa vizazi ulianza kwa Wazungu, ukafuata Waasia, na kwa Waafrika ulipelekwa wilaya kwa wilaya kati ya 1963 na 1971. Yaani mpaka miaka minane baada ya uhuru bado kulikuwa na sehemu za nchi ambapo mtoto anazaliwa na serikali haina habari. Fikiria kutekeleza sheria ya umri hapo. Afisa anakuangalia usoni anaamua. Weka hii akilini kwa sababu tabia ya kuamua umri kwa kuangalia uso haijaisha. Nenda steji yoyote ya bodaboda uone.

7. Sasa gari. Umri wa udereva tuliurithi kwa wazo kutoka Uingereza, kwa hivyo tupitie huko kidogo. Sheria yao ya magari ya 1903, iliyoanza kazi 1 Januari 1904, ndiyo iliyoleta leseni. Umri wa gari ukawa 17, wa pikipiki 14. Mtihani haukuwepo. Ulilipa shilingi tano kwa halmashauri, ukapewa karatasi, ukaenda zako. Kasi ya juu ilikuwa maili 20 kwa saa, kama kilomita 32. Kwa kasi hiyo, labda mtoto wa miaka 14 kwa pikipiki hakuonekana kama hatari kubwa.

8. Magari yakaongezeka, watu wakafa. Sheria ya 1930 ikapandisha pikipiki kutoka 14 hadi 16, na magari mazito ikayapeleka 21. Mtihani wa lazima ukaja 1935, na ule ubao wa herufi L tunaoujua ukaja nao. Angalia mpangilio: waliongeza umri pale chombo kilipokuwa hatari zaidi, kisha miaka mitano baadaye wakakubali kwamba umri peke yake hautoshi, mtu lazima apimwe. Gari la kawaida waliliacha 17, na mpaka leo liko hapo.

9. Kuna jambo lingine hapo ambalo watu wanalipita. Wakati Muingereza wa miaka 17 alikuwa anaruhusiwa kuendesha, utu uzima kisheria kwao ulikuwa 21. Hakuweza kupiga kura. Mikataba mingi haikumfunga. Lakini gari aliendesha. Udereva haukuwa cheti cha utu uzima. Ulikuwa ruhusa ya kazi moja, kama ruhusa ya kutumia mashine. Hizo nambari mbili, ya udereva na ya utu uzima, zilitembea njia tofauti kabisa kwa zaidi ya miaka sitini.

10. Sheria ya Trafiki tunayoitumia Kenya, Sura ya 403, ilianza kazi 1 Januari 1954. Hebu fikiria mwaka huo. Ni katikati ya Hali ya Hatari. Serikali iliyokuwa inaandika nani anaruhusiwa kuendesha ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inaamua Mkikuyu, Muembu au Mmeru gani anaruhusiwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Magari ya binafsi yalikuwa ya wachache. Sheria ilifuata ule mtindo wa ngazi: pikipiki kwanza, gari baadaye, magari makubwa na ya abiria baadaye zaidi. Imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini mifupa ni ile ile.

11. Halafu 1974. Kabla ya mwaka huo, mtu mzima Kenya alikuwa wa miaka 21, na kura ilikuwa 21. Bunge likapitisha Sheria ya Umri wa Utu Uzima, 21 ikashuka hadi 18, na umri wa kupiga kura ukashuka pia. Hapo ndipo mambo yaliposhikana. Kitambulisho, kura, mikataba, pombe, usukani: yote yakaanza kuonekana kama mlango mmoja. Katiba ya 2010 ikapiga muhuri: mtoto ni aliye chini ya 18, na kijana ni aliyefikisha 18 lakini hajafika 35.

12. Ndio maana leo mjadala unaenda kombo mapema sana. Mmoja anasema "pandisha umri wa gari", mwingine anasikia "nyang'anya vijana utu uzima". Wanajibizana juu ya vitu viwili. Kupandisha umri wa udereva hakukugusi kura yako. Basi la umri wa 30 halijawahi kumfanya mtu wa 29 kuwa mtoto. Lakini pia, kwa upande wa pili: kusema "ana 18, ni mtu mzima, mwacheni" si hoja ya usalama barabarani. Ni hoja ya haki. Tukizichanganya hatufiki popote.

13. Sasa sehemu ambayo vitabu vya sheria havisimulii vizuri: nani hasa amekuwa akiendesha. Mwaka 1973 matatu ziliruhusiwa kwa tamko la rais kubeba abiria bila zile leseni za magari ya umma. Lilikuwa jambo la maana kwa mwananchi wa mtaani, usafiri ulikuwa shida. Lakini kwa miaka zaidi ya kumi, sekta iliyobeba watu wengi zaidi ilikua nje ya mpangilio. Ngazi ya umri ilikuwa kwa karatasi. Barabarani kulikuwa na mwenye gari, na yeyote aliyemwamini na funguo.

14. Mwaka 1984 sheria ikarekebishwa kuzivuta matatu ndani. Mwisho wa 2003 zikaja zile kanuni kali, zilizoanza kushika Februari 2004: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda, abiria 14, mstari wa manjano, sare za makanga. Aliyesafiri mwaka huo anakumbuka. Kwa muda barabara zilitulia. Halafu mikanda ikakatika, vidhibiti vikachezewa, mambo yakarudi. Funzo ninalolichukua hapo: kanuni zilifanya kazi siku ambazo zilisimamiwa. Zilipoachwa, karatasi ilibaki ile ile na watu wakaendelea kufa.

15. Na ndani ya matatu kuna mfumo ambao hakuna umri wa kisheria unaougusa: skwadi. Dereva wa gari anapumzika, anamwachia kijana mwingine apige raundi mbili tatu. Ndivyo wengi wanavyojifunza kazi. Abiria anaketi mbele bila kujua kwamba anayeendesha sasa si yule ambaye picha na leseni yake vinajulikana na sako. Ukipandisha umri hadi 21 au hata 40, skwadi haendi popote, kwa sababu yeye tayari yuko nje ya sheria.

16. Twende bodaboda, maana hapa ndipo vijana wetu wanapofia. Ilianza kwa baiskeli huko mpakani, Busia na Malaba, watu wakivushwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo. Mwaka 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa nchini zilikuwa chini ya 4,000. Kufikia 2010 zilikuwa zaidi ya 100,000 kwa mwaka mmoja. Hakuna shule ya udereva nchini iliyokuwa tayari kwa kitu kama hicho. Pikipiki zilifika kijijini kabla ya mwalimu kufika.

17. Mpwa wangu alikuwa anabeba watu kutoka sokoni akiwa bado anavaa kaptura ya shule. Pikipiki ilikuwa ya mwalimu mmoja wa pale, na jioni alimpelekea hesabu. Kila mtu alijua umri wake: mwenye pikipiki, abiria, chifu, hata askari aliyekuwa anasimama kwa daraja. Alijifunza breki kwa kuanguka. Leo ana mguu ambao haukunji vizuri na bado anaendesha, kwa sababu ndiyo kazi aliyo nayo. Sheria ilikuwa upande wake tangu mwanzo. Hakukuwa na mtu wa kuitumia.

18. Takwimu. NTSA iliripoti vifo 4,324 barabarani mwaka 2023, na 4,748 mwaka 2024. Wanaoongoza kwa kufa ni watembea kwa miguu, wakifuatwa na waendeshaji pikipiki. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29. Sio malaria, sio ukimwi. Kwa hivyo anayesema kitu kifanyike kuhusu vijana na barabara, tusimcheke. Ana haki ya kuwa na hasira. Swali ni kama dawa anayoipendekeza inafika kwa kidonda.

19. Wacha nimpe anayetaka 21 nafasi yake kamili. Anasema: uwezo wa kupima hatari unaendelea kukua mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kijana akiwa na marafiki garini, hatari inaongezeka. Usiku inaongezeka tena. Ukimchelewesha miaka mitatu, utakuwa umepunguza saa alizokaa nyuma ya usukani akiwa kwenye umri mbaya zaidi. Na nchi nyingine zimefanya. Hoja hizi zina uzito. Ya mwisho ndiyo nataka tuikague, kwa sababu "nchi nyingine" hutajwa sana bila kuambiwa zilifanya nini.

20. New Zealand iliweka umri wa 15 mwaka 1925, ikakaa hapo miaka themanini na kitu. Mwaka 2011 wakaupandisha hadi 16. Umesoma vizuri: hadi 16, sio 21. Lakini kazi kubwa walikuwa wameifanya 1987, walipokuwa wa kwanza duniani kuleta leseni ya hatua tatu. Unaanza kama mwanafunzi mwenye msimamizi. Kisha unapewa leseni yenye masharti: peke yako huendeshi usiku kati ya saa nne na saa kumi na moja alfajiri, wala hubebi abiria bila msimamizi. Halafu ndio leseni kamili. Sehemu nyingine nyingi ziliiga huo mfumo.

21. Marekani nako kuna kisa kizuri. Baada ya kura kushuka hadi 18 mwaka 1971, majimbo mengi yalishusha pia umri wa pombe. Vijana wakaanza kufa kwa magari. Mwaka 1984 serikali kuu ikasema: jimbo ambalo halitapandisha umri wa pombe hadi 21 litakatwa pesa za barabara. Kufikia 1988 yote yalikuwa yamekubali. Ona walichochagua. Umri wa gari waliuacha chini, hata 16 kwa majimbo mengi, wakapandisha wa pombe. Hiyo 21 ya pombe tunayoijadili hapa, kule ilizaliwa kama sheria ya barabara.

22. Na utafiti? Kuna mmoja uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2011, uliopima hizo leseni za hatua kote Marekani. Masharti makali yalienda pamoja na kupungua kwa ajali za vifo kwa madereva wa miaka 16, kama robo hivi. Vizuri. Lakini kwa wa miaka 18 ajali hizo zilikuwa juu kidogo, asilimia 12. Maelezo mamoja yanayotolewa ni kwamba wengine walingoja tu masharti yaishe, wakaingia barabarani bila uzoefu. Ukimchelewesha mtu bila kumfundisha, ugeni wake unahamia umri mwingine. Mgeni wa miaka 21 bado ni mgeni.

23. Sasa linganisha na sisi. Mimi nilifanya mtihani kwa bodi, kama wengi wenu. Unasimama mbele ya meza yenye mji mdogo wa kuchorwa, unashika kigari cha mchezo, unaambiwa "toka hapa, zunguka keepi, ingia kwa mzunguko, egesha". Ukijua alama na ukasukuma kigari vizuri, umepita nusu. Halafu unaenda barabarani dakika chache. Na ukishapata leseni, kesho yake unaweza kisheria kujaza gari marafiki saa sita za usiku na kuelekea Malaba kwa mvua. Hakuna hatua ya kati. Kutoka mwanafunzi hadi dereva kamili ni usiku mmoja.

24. Pia tuulize nani atalipa gharama ya 21. Mtoto wa mwenye uwezo atangoja tu; ana mtu wa kumpeleka chuo. Aliyemaliza kidato cha nne Mwingi au Lodwar akiwa na 18, hana ada, ana binamu mwenye pikipiki ya mkopo, huyo hatangoja miaka mitatu akikaa nyumbani. Ataendesha. Tofauti ni kwamba sasa hata akitaka leseni hawezi kuipata. Hawezi kwenda shule ya udereva, hawezi kujiunga na chama cha steji kinachodai leseni, na kila kizuizi cha askari ni hongo. Tutakuwa tumemsukuma gizani mtu ambaye tungeweza kumfundisha.

25. Kampuni za bima zilishaona shida hii kitambo. Soma karatasi za bima yako ya gari, zile herufi ndogo. Nyingi zina kiasi cha ziada unachobeba mwenyewe kama aliyekuwa anaendesha ni kijana au ana leseni changa. Angalia hilo neno la pili: leseni changa. Bima haikuishia kwa umri. Ilihesabu pia uzoefu, kwa sababu ni pesa yake inayoenda. Sheria yetu ingeweza kujifunza hapo bila kusafiri kwenda New Zealand.

26. Na kuna kifungu tunacho tayari ambacho kimelala. Sheria ya Trafiki inakataza mwenye chombo, au aliye na usimamizi wake, kumruhusu mtu asiye na leseni kukiendesha. Soma tena. Kosa si la mtoto peke yake. Ni la baba aliyeacha funguo mezani akijua, la mwenye pikipiki kumi aliyempa mtoto wa shule akitaka hesabu jioni, la mwenye matatu anayejua kuhusu skwadi. Wangapi umewahi kusikia wamepelekwa kortini kwa hilo? Tunapenda kumshika anayeendesha kwa sababu ndiye aliye mbele yetu, na mara nyingi amelala hospitali.

27. Basi msimamo wangu, mkitaka niuweke wazi. Sikubaliani na kupandisha 18 hadi 21 kwa gari la kawaida. Nakubaliana na wanaosema hali ilivyo haivumiliki. Ningeweka ngazi pale ambapo hatuna: leseni ya mwaka wa kwanza au wa pili yenye masharti, kwa mtu yeyote mpya, awe na 18 au 45. Usiku kuwe na mpaka. Idadi ya abiria iwe na mpaka. Pombe iwe sifuri. Ukikaa salama, masharti yanaondoka. Na kubeba abiria kwa malipo kwa pikipiki kuje baada ya kipindi cha kuendesha bila abiria, kama vile dereva wa basi haanzi na basi.

28. Najua jibu litakalokuja: "Nani atasimamia? Askari wetu tunawajua." Kweli. Lakini hoja hiyo inaangusha 21 pia, tena kwa nguvu zaidi. Sheria ya umri mpya itasimamiwa na askari wale wale, kwa daraja lile lile. Tofauti ni kwamba masharti ya hatua yanampa kijana sababu ya kutaka leseni na kuilinda, kwa vile ana kitu cha kupoteza na kitu cha kupata. Marufuku tupu inampa sababu moja tu: asishikwe.

29. Kwa hivyo safari nyingine hoja hii ikirudi, na itarudi, muulizeni anayeomba kura yenu maswali haya kabla hamjampigia makofi:
Huyo aliyesababisha ajali alikuwa na leseni? Kama hakuwa nayo, umri mpya ungembadilisha nini?
Mwenye chombo ameshtakiwa?
Hiyo 21 ni ya gari, ya pikipiki, au ya vyote?
Walio na leseni sasa na wana 19 watanyang'anywa?
Shule ya udereva kwa pikipiki iko wapi kwa kaunti yetu, na ni pesa ngapi?
Akijibu hayo matano, msikilizeni hata kama hamkubaliani naye. Akishindwa, anauza kelele.

30. Nimeandika kirefu leo. Wazazi mlio na vijana wa kidato cha tatu na cha nne, wenye pikipiki mnaokabidhi watu, na nyinyi vijana wenyewe mnaoendesha: andikeni hapa chini mlianza na miaka mingapi na nani aliwafundisha. Sitaki majina. Nataka kuona ni wangapi walifundishwa na mtu, na wangapi walifundishwa na lami.